Baiskeli ya milimani Lushoto mwezi wa Aprili

Ndugu yangu, umeuliza kama mnaweza kupita kwa baiskeli katika msitu wa Magamba, Lushoto, mwezi wa Aprili. Nakushauri kwa dhati msubiri hadi Julai, ingawa baridi ya huko wakati huo ni kali, kwa sababu masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na udongo wa milima ya Usambara, iliko Lushoto, ukilowa huteleza na kuganda kwenye magurudumu hata yakashindwa kuzunguka. Anzeni na njia fupi ya Irente, kisha ndipo mwende kijiji cha Mtae mkiwa na mwenyeji azijuaye njia. Kagueni breki kabla ya kila mteremko, na kwenye kona mpunguze mwendo mapema, kwani hapo hupita wakulima wenye mizigo kichwani na watoto waendao shule.