Kabla hujalipa "viza ya udereva" ya Kanada, nisikilize mimi niliyelipa

Jumatatu usiku kijana mmoja wa Ruashi, hapa Lubumbashi, aliniandikia. Anaendesha kamyo (lori) ya kubeba sulfuri, huu mwaka wake wa sita. "Yaya (kaka), nimeshatoa dola 1,500, wamenipa barua ya kazi ya Kanada. Imebaki 800 ili viza itoke. Unaonaje?"

Niliweka simu mezani, nikatoka nje nikakaa barazani. 1,500 na 800 ni 2,300. Ndizo hela nilizotoa mimi mwaka 2019, kwa maneno hayo hayo.

Mimi ni shofa, dereva wa lori. Miaka 14 nimebeba katodi za shaba kutoka Kolwezi, mara Durban, mara Dar es Salaam. Nililala Kasumbalesa siku nne juu ya usukani, nikavuka Chirundu, nikavuka Beitbridge, sijawahi kumwaga mzigo. Kwa hiyo mtu aliponiambia kwamba Kanada inatafuta madereva wenye uzoefu, niliona ananisema mimi. Alikuwa na ofisi mjini Lubumbashi, ukutani amebandika ramani kubwa, mezani kuna mihuri mitatu.

Mke wangu anauza unga soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Mwezi ule zamu ya likelemba, mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu, ilikuwa yake. Alihesabu dola 1,100 kitandani, akazifunga kwenye kitambaa, akanipa. Hakuniuliza risiti. Zilizobaki nilikopa kwa ndugu zangu. Deni la ndugu nimelimaliza. Kile kitambaa bado nakiona.

Yule mtu alinifungulia barua pepe mpya, akajaza fomu zote mwenyewe, mimi nikatia saini pale alipoweka kidole. Februari 2020 jibu likatoka: barua ya kazi ni ya uongo, na mimi nimehesabiwa kuwa nimeidanganya serikali ya Kanada. Adhabu yake ni kufungiwa miaka 5. Wale watu hawakunihukumu ghafla. Walikuwa wameandika kwanza, wakanipa muda wa kujieleza. Lakini waliandika kwenye ile barua pepe ambayo neno lake la siri alikuwa nalo yeye peke yake, naye hakujibu. Nilipomfuata ofisini nikakuta kufuli.

Basi ndugu zangu, jina kwenye fomu ni la kwako. Saini ni ya kwako. Fungua barua pepe yako mwenyewe, neno la siri liwe lako, soma kila mstari. Kama hujui kusoma fomu, mpe mwanao anayesoma akusomee, lakini usimwachie mtu akuandikie maisha yako ukiwa umekaa pembeni.

Miaka ile 5 sikukaa bure. Nilijifunza jinsi jambo lenyewe linavyokwenda.

Kibali cha kazi huanza kwa mwajiri. Hakianzi kwako, wala kwa mtu wa katikati. Njia ya kawaida ni mwajiri aombe kwanza serikali yake karatasi inayoitwa EIMT, ya kuthibitisha kwamba kazi ile inahitaji mgeni. Analipa yeye dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, na sheria inamkataza kukudai wewe gharama hiyo. Anayekudai hela ya EIMT anakuibia, hata kama anavaa tai.

Njia ya pili ndiyo iliyonifungua mimi, na inanishangaza kwamba wengi hapa kwetu hawaijui. Inaitwa Mobilité francophone. Ni ya watu wanaojua Kifaransa, wanaokwenda kufanya kazi nje ya jimbo la Quebec. Juni 2023 ilipanuliwa ikafikia kazi karibu zote, na za udereva zimo. Hapo EIMT haihitajiki. Mwajiri anaandikisha kazi kwenye tovuti ya serikali, analipa dola 230, anapata namba inayoanza na herufi A kisha tarakimu saba. Wewe unafanya mtihani wa Kifaransa, TEF Canada au TCF Canada, na wanachotaka ni kiwango cha 5 katika kusikia na kuongea. Tumefundishwa Kifaransa tangu tukiwa watoto, halafu tunakata tamaa eti hatujui Kiingereza!

Mimi mwenyewe nililipa serikali ya Kanada dola zao 155 za kibali na 85 za alama za vidole na picha. Jumla 240. Kuna na daktari, mtihani, pasipoti, lakini linganisha na zile 2,300.

Kazi ngumu ilikuwa kuthibitisha uzoefu. Mashofa wengi tunalipwa mkononi, hakuna mkataba. Nilirudi kwa bosi wangu wa zamani mara tano, nikimngojea getini, hadi akaniandikia barua yenye tarehe, aina ya gari na njia nilizopita. Pasipoti yangu ya zamani nayo ilinisaidia: mihuri ya mipaka imejaa hadi ukurasa wa mwisho, kuingia na kutoka, hakuna nchi niliyozidisha siku. Usitupe pasipoti iliyoisha.

Fomu ikauliza: umewahi kukataliwa viza? Mkono ulinitetemeka. Niliandika Ndiyo, nikaeleza yote, hadi habari ya barua pepe. Wiki mbili zilizopita pasipoti imerudi na viza ndani yake. Nakwenda Manitoba, jimbo la Kanada. Mke wangu aliishika, akaigeuzageuza, akaenda kuifunga kwenye kitambaa.

Leseni ni habari nyingine. Leseni yetu haikupi haki ya kuendesha semi-trela kule kama ajira, na ile "ya kimataifa" inayouzwa mjini isikudanganye. Aprili 2018, huko Saskatchewan, jimbo jirani, lori lilipita alama ya kusimama likagongana na basi la wachezaji vijana, watu 16 wakafa. Mwaka uliofuata Manitoba iliweka mafunzo ya lazima ya saa 121.5 kwa leseni ya daraja la 1. Nitakaa darasani kama mwanafunzi, na miaka yangu 14. Mwajiri amekubali kulipia. Ulizia jambo hilo kabla ya kusaini mkataba.

Wanaoniuliza Poland na Ulaya: kule pia mwajiri ndiye anayeomba kibali, na lazima uwe na alama ya 95, uthibitisho wa dereva wa kazi, inayolindwa kwa mafunzo ya saa 35 kila miaka 5.

Sasa wewe mdogo wangu wa Ruashi. Chukua hiyo barua yako, angalia anwani ya kampuni. Msimbo wa posta wa Kanada ni herufi na namba zinazopishana, na wa Manitoba huanza na R. Barua yangu ile ya uongo ilisema Winnipeg, mji wa Manitoba, chini yake namba tano tupu. Niliishika miezi saba bila kuliona hilo. Kisha waulize ile namba ya A na tarakimu saba, au waulize EIMT. Wakianza kukukasirikia, umeshajibiwa. Zile 800 usizitume. Jumapili nipo nyumbani Katuba, njoo na barua yenyewe tuisome pamoja.