Usikubali kupimiwa spika kwa diski ya muuzaji

Ndugu yangu, hiyo diski ya majaribio ambayo muuzaji amekuahidi kukupigia Jumamosi ndiyo iliyonimaliza mimi. Umeomba rekodi tano za muziki wa klasiki zenye sauti bora za kupimia spika. Nitafika huko, lakini soma kwanza yaliyonipata, kwa sababu nilipousoma ujumbe wako nilijiona mwenyewe nikiingia dukani na akiba ya miaka mitatu mfukoni.

Niliketishwa kwenye kiti kizuri, taa zikapunguzwa, na muuzaji akaweka diski yake. Ilikuwa na gitaa moja na filimbi moja, na ilirekodiwa kwa ustadi ambao siwezi kuukana: nilisikia kucha za mpigaji zikigusa nyuzi, nikamsikia mpiga filimbi akivuta pumzi, nikaamini kwamba nimesikia kila kitu. Kilichonipita ni hesabu ndogo ambayo mwanafunzi yeyote wa fizikia angenifanyia bure. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la kawaida hutoa Hz 82 hivi, yaani mitetemo 82 kwa sekunde (namba ikipungua, sauti huwa nzito zaidi), na noti ya chini kabisa ya filimbi ya okestra iko karibu na Hz 262. Kwa dakika 40 nzima, basi, spika zile hazikuulizwa swali lolote la besi ya kweli, ilhali fidla kubwa za besi zenye nyuzi nne katika okestra hushuka hadi Hz 41, piano hadi Hz 27.5, na kinanda cha mabomba cha kanisani huweza kushuka chini zaidi ya hapo. Nilimpa mtahiniwa mtihani wa kuandika jina lake, kisha nikamtunuku shahada.

Kuna jingine. Kila alipohama kutoka jozi ya bei nafuu kwenda ile ya bei kubwa, mkono wa yule bwana ulipita kwenye kitufe cha sauti. Wakati ule sikuutilia maanani; nilikuja kuukumbuka baadaye, kama mtu aliyeibiwa anavyomkumbuka yule aliyemgusa bega kwenye umati. Sikio la binadamu likipewa vitu viwili vinavyofanana, huchagua kile kilichopigwa kwa nguvu kidogo zaidi, hata kama tofauti yenyewe ni desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 1 au 2 tu, na mwenye sikio huapa kwamba amesikia uwazi, kina na uhai. Nami niliapa. Nililipa papo hapo, na nikamshukuru.

Nyumbani niliweka Also sprach Zarathustra ya Richard Strauss, ile ambayo mwongozaji Fritz Reiner aliirekodi na Okestra ya Simfoni ya Chicago mwezi Machi 1954, miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za stereo za kampuni ya RCA. Muziki huo unaanza kwa noti moja ya C ya chini sana, Hz 33 hivi, inayoshikiliwa na kinanda cha mabomba huku fidla za besi na ngoma kubwa zikivuma taratibu, na tarumbeta huingia baada ya sekunde kadhaa. Mimi nilisikia kimya, halafu tarumbeta. Badala ya kuzishuku spika zilizomeza akiba yangu, nilimshuku Reiner. Nilijiambia kwamba mwaka 1954 ni zamani mno, kwamba maikrofoni za enzi zile hazikuwa na uwezo, na nikanunua toleo jingine la rekodi ileile, kisha la tatu. Tarumbeta ziliendelea kuchomoza kutoka utupuni. Nilimrudia muuzaji, naye, kwa uso wa daktari anayetoa habari mbaya kwa upole, akaniambia kwamba amplifaya yangu, yaani kikuza sauti, ndiyo inayozinyima spika nguvu, nikanunua amplifaya. Nilirudi tena, akasema ni nyaya. Nikanunua nyaya nene kama mkono wa mtoto mchanga. Cheka tu, mimi nimeshazoea. Hadi leo sijui ni lipi linaloniudhi zaidi, uongo wake au utii wangu, ila najua kwamba mtu aliyekuwa akiuza spika zisizoshuka hata hadi Hz 60 alifahamu vizuri kwa nini diski yake ilikuwa na gitaa na filimbi.

Aliyenifumbua macho ni rafiki yangu mwenye spika kubwa kuukuu ambazo nilikuwa nikizicheka kwa sababu ya ukubwa wake. Tuliweka kwake diski yangu ya kwanza kabisa, ile niliyokuwa karibu kuitupa, na kabla ya tarumbeta kuingia sakafu ilianza kupumua. Sikuwa na la kusema. Yeye alikuwa nalo, tena kwa muda mrefu, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo nenda na rekodi yako mwenyewe, unayoijua kwa ghibu, yenye okestra kamili, na uwe unajua mapema ni sekunde ipi utakayoisubiri. Usiende na rekodi uliyosifiwa jana, wala ile utakayoinunua Ijumaa kwa sababu mimi nimeitaja hapa. Rekodi usiyoijua haina cha kukuambia, kwa kuwa hujui ni nini kinachokosekana; mimi nilimaliza dakika 40 bila kukosa kitu kwa sababu sikuwa na cha kukitafuta. Na zile orodha zinazosambaa za rekodi tamu kuliko zote hukusanya zaidi vitu vinavyopendeza kwenye kila chombo, na kinachopendeza kwenye kila chombo hakiwezi kukuchagulia chombo. Milio ya mizinga katika muziki wa 1812 wa Tchaikovsky, katika rekodi ya kampuni ya Telarc ya mwaka 1978 ya Erich Kunzel na okestra ya Cincinnati, iliyouzwa ikiwa na onyo kwamba inaweza kuharibu spika, itakuonyesha kama spika inapasuka, lakini haitakuonyesha kama fidla inasikika kama fidla.

Zangu nakutajia ili uone ninachokitafuta. Simfoni ya tatu ya Saint-Saëns, ya Charles Munch na okestra ya Boston mwaka 1959, watu hukimbilia sehemu ya mwisho ambapo kinanda kinanguruma. Mimi nasubiri sehemu ya polepole iitwayo Poco adagio, pale kinanda kinapoingia polepole chini ya nyuzi, kwa sababu besi laini ni ngumu kuliko besi ya kelele na spika hafifu huibadilisha kuwa ukungu. Miserere ya Allegri, wimbo wa kwaya ulioimbwa na kundi la Tallis Scholars, iliyorekodiwa mwaka 1980 katika kanisa la Merton College, Oxford, ina kundi dogo la waimbaji lililosimama mbali na kwaya kuu. Makundi yote mawili yakisikika yako mahali pamoja, toka dukani. Mpiga piano Glenn Gould, katika rekodi yake ya mwaka 1981 ya Goldberg Variations za Bach, anaguna wimbo huku akipiga, na mguno huo nimeuzoea kama kikohozi cha jirani, hivyo nikiukosa najua kwamba kuna kitu kimefichwa kwenye sauti za katikati, kati ya nzito na nyembamba. Nazipenda pia rekodi zilizofanyika Kingsway Hall ya London, ukumbi uliosifiwa sana na wahandisi wa sauti ingawa treni za chini ya ardhi zilipita karibu na misingi yake, na katika baadhi ya rekodi hizo mvumo wa treni ulibaki kwenye utepe. Spika zangu za mwanzo zilinificha treni nzima. Rafiki yangu hulirudia jambo hilo kila tunapokutana.

Kumbuka pia kwamba chumba cha duka si chumba chako. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, na chumba chenye urefu wa mita 5 huivimbisha chenyewe besi iliyo karibu na Hz 34, kwa hiyo omba, ikiwezekana, uzichukue spika nyumbani kwa siku chache kabla ya kulipa. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Basi Jumamosi anza kwa kupiga mahali palipo kimya zaidi katika rekodi yako, ukiweka kiwango cha sauti kwa mkono wako mwenyewe, kisha unapohama kutoka jozi moja kwenda nyingine, wewe mwenyewe ndiye ukirekebishe kitufe hicho hadi zote zisikike kwa nguvu ileile, kwa kuwa spika hazitoi sauti sawa kwenye kiwango kimoja. Na ukiuona mkono wa muuzaji unakielekea, mwombe kwa heshima aurudishe mfukoni.