Fungu moja la mairungi (miraa), watu wawili

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mlitafuna fungu moja pale Kisenyi, kaka yako akawa anacheka na kupiga soga, wewe ukabaki jasho viganjani, taya limekaza, moyo mbio hadi alfajiri. Si udhaifu wako. Majani mabichi yana kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini, dawa ya kusisimua mwili. Zote huongeza dopamini, kemikali ya hamu na raha, ubongoni. Timu ya Harriet de Wit, Chuo Kikuu cha Chicago, iliwapa watu wenye afya amfetamini, miligramu 10 na 20, ikakuta wale wachangamfu kwa asili, wenye ari ya kufanikiwa, ndio walioonja raha zaidi. Ni mwelekeo tu, maana usingizi, njaa na kiasi navyo vina nguvu. Mtu wa wasiwasi naye, moyo ukienda mbio, huona ni hatari imekuja.

Mimi namhofia zaidi kaka yako. Anayeonja raha ndiye anayerudi kesho, na keshokutwa. Kaa naye umwambie. Wewe usijaribu tena, na maumivu ya kifua yakija, kimbilia kituo cha afya usiku huohuo.