Jino halina tundu, usaha unatoka wapi?

Kipele kilikuwa kwenye fizi, juu ya jino la pili la mbele upande wa kushoto. Kidogo, kama punje ya mtama. Asubuhi kabla ya kwenda dukani Kariakoo nilikuwa nakiminya mbele ya kioo, kinatoa usaha, kinanywea, na baada ya wiki tatu au nne hicho kimerudi. Hakikuuma, na ndicho kilichoniponza. Sisi bila maumivu hatupandi gari kwenda hospitali.

Nilipita njia ambayo wengi wenu mnaijua. Maji ya chumvi, kisha mafuta ya karafuu ya shangazi, kisha amoksilini ya duka la dawa bila cheti, mara tatu ndani ya miaka miwili. Kila nikimaliza dozi kipele kinalala, nami natangaza nimepona. Nilichoelezwa baadaye ningekijua mapema ningeokoa pesa: dawa ya kumeza husafirishwa na damu, na jino ambalo kiini chake, ile nyama laini ya ndani yenye mishipa, kimekufa haliingizi damu tena. Usaha wa nje, kwenye mfupa, unatulia kidogo. Wadudu, yaani bakteria, walio ndani ya jino wanaendelea kukaa kama mpangaji asiyedaiwa kodi.

Kliniki ya kwanza daktari alitazama kwa kile kioo kidogo, akatafuta tundu, hakuliona. Jino jeupe, zima. Akaniambia, "Dada, hili tuling'oe tu, tutakuwekea la bandia." Eksirei hakupiga. Nikaomba nikafikirie. Sijifanyi kwamba nilikuwa na elimu yoyote, niliogopa pengo tu. Nauza vitenge, na nusu ya kazi hiyo ni kucheka na wateja.

Daktari wa pili, mama wa makamo, alianza na maswali kabla hata sijakaa vizuri. "Mwanangu, uliwahi kuanguka au kupigwa mdomoni?" Sikuwahi. Alikuwa na sababu ya kuuliza: jino la mbele lisilotoboka likifa, mara nyingi liligongwa zamani. Akachukua pamba, akaipulizia dawa ya baridi kali, akawa anagusa jino moja baada ya jingine. La katikati likashtuka. Chonge likashtuka. Lile langu, kimya kabisa. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kukisikia: alipenyeza kijiti laini cha rangi ya waridi kwenye kile kipele, akakisukuma taratibu mpaka kikagoma, akapiga eksirei kikiwa humo humo. Kwenye picha kijiti kilikuwa kimefuata njia ya usaha hadi ncha ya mzizi wa jino lile lile. Hapakuwa na kubahatisha tena.

Picha ilionyesha na jambo jingine. Ndani ya jino langu kulikuwa na umbo kama jino jingine dogo.

Chukua kofia ya kitambaa, ibonyeze utosini kwa kidole mpaka ipate shimo. Hivyo ndivyo alivyonieleza. Jino likiwa bado changa ndani ya taya, kabla halijawa gumu, sehemu yake inajikunja kwa ndani, halafu linakomaa hivyo hivyo na mkunjo wake. Meno yanayopatwa zaidi na hali hii ni hayo ya pili ya mbele, taya la juu. Kwa nje unaona jino la kawaida, au lililonenepa kidogo, lenye kishimo kidogo sana mgongoni, upande wa ulimi. Ndani ya kishimo enameli, lile gamba gumu linalolinda jino, ni nyembamba, pengine haipo kabisa. Mabaki ya chakula yanaingia, mswaki hauingii, na wadudu wanafika kwenye kiini bila jino kutoboka kwa nje.

Mama yangu aliposikia alishika kichwa. "Ni ule udongo niliokula mimba yako." Hapana, mama. Jino hilo huanza kuwa gumu mtoto akiwa na takriban miezi 10 hadi 12 tangu azaliwe, na huota akiwa na miaka 8 au 9. Udongo una madhara yake, ila hili tusiubebeshe.

Kuipanga hali hii madaktari wanatumia mgawanyo wa mtaalamu wa meno Oehlers wa mwaka 1957, wenye aina tatu. Ya kwanza mkunjo unaishia kwenye kichwa cha jino. Ya pili unashuka hadi ndani ya mzizi. Ya tatu unapita mpaka unatokea nje ya mzizi, ubavuni au nchani, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Yangu ilikuwa ya pili. Kwa sababu picha ya kawaida ni bapa, nilitumwa kupiga ile inayoonyesha jino pande zote. Si kila kliniki inayo mashine hiyo, kwa hiyo uliza bei na uliza bima yako kabla hujatoka nyumbani.

Matibabu yalikuwa kusafisha mzizi. Ganzi, kipande cha mpira kinachotenga jino na mate, kisha harufu niliyoifahamu mara moja: dawa ya kuoshea ndani ya jino ni ndugu wa Jik tunayofulia nguo nyeupe. Kazi ilikuwa ndefu kuliko ya jino la kawaida, kwani mkunjo una vichochoro vyake. Baada ya hapo akaweka dawa nyeupe na kufunga kwa muda. Nilipouliza ni nini, alicheka: kwa asili ni chokaa, ile ile ya kwenye tambuu, ila imetengenezwa kwa ajili ya hospitali. Nikarudi baada ya wiki mbili, kipele kimekwisha, akajaza na kuziba moja kwa moja.

Kitu ambacho ningetaka ukumbuke ukienda kwa daktari ni jino la upande wa pili. Hali hii mara nyingi huja kwa jozi. La kwangu la kulia lilikuwa na kishimo kile kile, lakini bado hai, baridi ililishtua. Likazibwa bila ganzi, kwa muda mfupi kuliko foleni ya mwendokasi.

Kama kipele chako kinaenda na kurudi, omba jino lipimwe kwa baridi na eksirei kabla hujakubali kung'oa. Uso ukivimba kuelekea jichoni, homa ikapanda au kumeza kukawa shida, hapo usisubiri kesho wala miadi, nenda hospitali usiku huo huo.

Na watoto. Wakati mwingine hali hii hujirudia katika ukoo, na mtoto wa dada yangu ana miaka 9, meno hayo ndiyo kwanza yameota. Mzizi wake bado haujafunga nchani, jino likifa sasa kulitibu ni kazi kubwa zaidi. Nilimkalisha barazani, nikawasha tochi ya simu, nikamwambia apanue. Nikaona kidoa cheusi, chembamba kama tundu la sindano, mgongoni mwa jino la kulia. Jumanne tunakwenda kukiziba.