Nyama ya kukausha usibebe kabisa kwenda Japani

Dada, nyama kavu iache nyumbani, hata kama mama kaifunga vizuri na ni zawadi tu ya familia utakayokaa nayo. Japani nyama yoyote, mbichi, iliyokaushwa au soseji, haiingii bila cheti cha ukaguzi cha serikali ya huku kwetu, cheti ambacho wewe msafiri wa kawaida huwezi kukipata, na adhabu yake tangu 2020 inafika jela miaka 3 au faini ya yen milioni 3, sio mambo ya kunyang'anywa tu ukapita. Na wana mbwa wa kunusa pale unapochukulia mabegi, niliwaona uwanja wa ndege wa Narita nilipoenda kusoma. Embe pia hapana, wanaogopa nzi wa matunda.

Beba kahawa ya Kilimanjaro, serious, Wajapani wanaijua hiyo kwa jina, inauzwa mpaka supamaketi zao. Ila iwe imeshakaangwa na imefungwa kiwandani, buni mbichi zinahesabika kama mmea, zinataka ukaguzi. Majani ya chai ya paketi hayana shida.

Ukifika mpe mama mwenye nyumba hiyo zawadi siku ileile kwa mikono miwili, toa kwanza kwenye mfuko wa plastiki. Asipoifungua mbele yako usijisikie vibaya, wengi wao ndo ustaarabu wao, wanafungua baadae ukiwa haupo.