Jibu: Modeli ya CO2 ya Kivu inatoa namba kubwa mara nne

Jambo yaya wa Bukavu. Kama nimekuelewa, umechukua fomula ya bahari kuu, 0.251 mara upepo kipeo cha pili, ukaitia kwenye Ziwa Kivu, na CO2 inayotoka majini iko karibu mara nne ya ile uliyotegemea. Anza na yuniti! Ile k, yaani kasi ya gesi kuvuka uso wa maji, ndiyo fomula inatoa, na inatoka kwa sentimita kwa saa; ukitaka mita kwa siku lazima uzidishe kwa 0.24, ukisahau namba inakuwa kama mara nne, mimi ilinikula wiki mbili nzima juu ya hiyo tu.

Halafu, na hii ndiyo inaniuma zaidi juu watu wengi wanaipita: Kivu iko mita 1,460 juu, presha ya hewa si ya Mombasa, kwa hiyo ile 420 ppm (sehemu kwa milioni) ya CO2 hewani kwetu inakuwa presha ya kama 355 mikroatm, yaani sehemu za milioni za presha ya usawa wa bahari. CO2 ya maji yako ikiwa mikroatm 380, ukiweka 420 kwa hewa modeli inasema ziwa linameza CO2, kumbe linatoa, alama yote ya kujumlisha na kutoa inageuka.

Chumvi usiache 35, hiyo ni ya bahari, na namba ya Schmidt (inaonyesha gesi inavyosambaa ndani ya maji) ihesabu kwa maji matamu na joto la ziwa, ila ile 660 inayoenda na 0.251 ndani ya fomula iache. Upepo ulipimwa mita ngapi? Fomula inataka mita 10. Upepo wa usiku sijaujaribu, hapo usinifuate.