Treni ya usiku yakufikisha Miritini, haikufikishi Amu

Kijana mmoja wa Langoni, mtaa wa Amu (ndio Lamu), anayefanya kazi Nairobi ameniandikia wiki hii. Anakuja nyumbani kwa Maulidi, anataka kukata tiketi ya treni ya usiku, ile ya SGR ya Nairobi kwenda Mombasa, na swali lake ni moja tu: achukue daraja la kwanza au ekonomi? Swali la maana, la kutoka Mombasa atafikaje Amu, hakuliuliza. Ndugu zetu wengi walioko bara huipanga treni vizuri, wakajisahau na yanayofuata, kisha mchana nawaona hapa Malindi wamekaa juu ya mabegi yao, kila basi la Lamu linalopita limejaa.

Nimjibu la kwanza kwanza. Ekonomi ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza 4,500, tangu nauli zilipopanda Januari 2024. Hiyo 3,000 ya zaidi hainunui kitanda. Vitanda vilikuwa katika gari moshi la zamani, lile la kuondoka magharibi na kufika kukiwa kweupe, na lilisimama mwaka 2017 hili jipya lilipoanza. Siku hizi ni viti vitupu. Behewa la ekonomi lina viti 118, watatu upande huu na wawili upande ule, watu wakitazamana na kijimeza katikati. La kwanza lina 72, wawili kwa wawili. Kwa safari ya saa sita hivi, pesa hiyo iache mfukoni, ina kazi mbele. Ila kama umefuatana na mzee mwenye magoti mabovu, lipa bila kufikiri mara mbili, maana ekonomi goti lako na la aliyekukabili yanagombania nafasi moja usiku kucha.

Kukata tiketi ni *639# au mtandaoni, na kulipa ni M-Pesa. Panapoharibika ni kwenye kitambulisho. Kaka au binamu anakukatia kwa simu yake, anaingiza jina lake na namba yake, halafu wewe ndiye unayesimama mlangoni Syokimau, stesheni ya Nairobi, na kadi isiyolingana na tiketi. Anayekukatia mtumie jina na namba yako kwa maandishi, usimsomee kwa simu. Jambo jingine ni tarehe. Treni inaondoka saa nne usiku, kwenye tiketi utaona 22:00, na inafika siku ya pili yake. Kwa hiyo treni ya Alhamisi inataka basi la Ijumaa. Kosa hili dogo linawalaza watu Mombasa kila msimu.

Syokimau fika saa mbili na nusu, isizidi. Foleni ni ndefu na mambo hayaruki hatua: mabegi yote yanapangwa chini kwa mstari, wenyewe mnasimama kando, mbwa anapitishwa kunusa. Ukimaliza hapo mashine ya kumulika, kisha tiketi na kitambulisho. Zawadi ya seti ya visu uliyomnunulia mama haitapita, na mtungi wa gesi vilevile. Mnunulie Mombasa au Malindi, bei si mbali hivyo.

Ndani kuna baridi. Madirisha hayafunguki na kipoza hewa hakikuulizi unatoka wapi. Hapa mwanamke wa pwani ana silaha yake tayari: leso, ile ile ya doti. Kipande kimoja jifunike mabega mpaka magotini. Cha pili kikunje mara nne, ukiviringishe kama ngata, ukiweke kati ya shingo na dirisha. Ngata hiyo ndiyo itakayokupa usingizi, kwa sababu kiti hakilali nyuma na kichwa kikikosa pa kuegemea kinaanguka kila dakika tano. Wanaume, kikoi kinafanya kazi hiyo hiyo. Vua viatu mapema kabla miguu haijavimba. Ukiletewa kiti cha katikati kwenye safu ya watatu, omba kubadilishana na mtu kabla treni haijaondoka, baadaye hakuna atakayekusikiliza. Na usihangaike kuchungulia Tsavo, ni giza tupu.

Kwa nini basi nang'ang'ania treni ya usiku kwa mtu wa Lamu? Kwa sababu ya hesabu hii. Ya saa mbili asubuhi inakutua Mombasa mchana, na ya saa tisa mchana inakutua usiku. Zote mbili zinakulaza Mombasa kwa pesa zako. Ya usiku inaingia Miritini, stesheni ya Mombasa, kati ya saa tisa na nusu na saa kumi alfajiri, nayo mabasi ya Lamu yanaondoka mjini asubuhi. Mwezi wa Ramadhani utashuka na muda wa daku bado unao, ila usitegemee kupata cha maana pale, beba tende na maji yako.

Miritini si mjini. Kuna matatu zinazongojea treni, uliza nauli kabla ya kuweka begi, si baada. Usiku huo barabara iko wazi, nusu saa hivi uko Barabara ya Abdel Nasser, penye ofisi za mabasi na matatu za Malindi. Msikiti wa Noor uko hapo hapo, unaswali Alfajiri, unatoka unatafuta mahamri na mbaazi. Wa Malindi nawashauri wasikae sana. Ni kilomita 120 tu, lakini ukiondoka kumekucha vizuri, foleni ya Mtwapa inakumeza.

Wa Lamu, kiti cha basi kinanunuliwa kabla hujapanda treni. Piga simu ofisi ya basi siku mbili mbele, na msimu wa Maulidi, wakati Amu nzima inaelekea msikiti wa Riyadha mwisho wa Mfungo Sita, wiki mbili si nyingi. Usijidanganye kwamba utalipandia njiani hapa Malindi, linafika limejaa. Omba kiti cha kushoto. Gari linaelekea kaskazini asubuhi nzima, jua liko kulia, na mtu aliyekesha kwenye baridi ya treni akipigwa jua la Kilifi usoni anaumwa kichwa mpaka Garsen.

Kutoka Malindi hadi Mokowe, gati ya bara unapopandia boti ya Amu, ni zaidi ya kilomita 200. Ukishapita Garsen kuna vizuizi, abiria mnashushwa na kukaguliwa, na kuna mahali mabasi husubiriana ili yasindikizwe na askari. Kitambulisho kiwe mfuko wa shati. Ukikiacha kwenye begi lililo chini ya mizigo ya watu hamsini, gari zima litakungoja na utayasikia maneno. Najua inauma, mtu aliyezaliwa Amu kuulizwa na kuulizwa tena yeye ni wa wapi akienda kwao. Inauma kweli. Lakini hasira ya kizuizini haijamwahisha mtu boti hata siku moja. Jibu, panda, keti. Vijana hawataki kusikia haya, wanataka kushinda kila mabishano, na mama yuko gatini anangoja. Naye mama mwambie alasiri, usimtajie saa. Msimu wa mvua usiseme hata siku: mwisho wa 2023 Mto Tana ulipofurika, barabara ilikatika Lango la Simba na watu wakavushwa kwa boti.

Mokowe, boti ya abiria inangoja ijae. Ukiona watu wanakimbilia mbele kwa sababu pana upepo, waache, keti katikati au nyuma, maji yanarukia wa mbele. Simu itie ndani ya mfuko wa nailoni, vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha ni mjomba wako. Maji yakiwa yamekupwa ngazi za gati zina utelezi, shuka na mkono mmoja mtupu. Na lile begi la magurudumu ulilolivuta kwa madaha Syokimau, Amu halina kazi. Vichochoro vimebana, kuna mitaro na vinyesi vya punda. Mpe hamali au mwenye mkokoteni, mkubaliane bei pale pale gatini kabla hajaliinua.